Habari za Ntirenganya, Aliyelinda Matumbo ya Vifaranga Kumi na Mmoja

Sogeeni, enyi watu wa Murara na wa mitaa yote iliyosimama juu ya jiwe jeusi lililotapikwa na mlima! Tueni bidoni zenu za maji, punguzeni sauti za redio, na wewe mama unayetwanga majani ya sombe, pumzisha mchi wako kidogo. Nina jambo kubwa la kuwasimulia, lililotendeka nyuma ya nyumba ya mbao yenye mlango wa kijani, kuanzia Jumatatu moja hadi Jumatano ya wiki iliyofuata. Magazeti hayakuliandika, kwa hasara yao. Nitamsema Ntirenganya, fundi wa saa, mfufuaji wa mishale iliyokata roho, bwana wa koleo ndogo, mwenye kioo cha kukuzia jichoni. Na jinsi alivyosimama katika mwaka wa sitini na tatu wa umri wake, goti moja likiwa bovu, kuwalinda vifaranga kumi na mmoja wasihare.

Mtauliza, kuhara kwa kifaranga ni jambo la kuitia watu? Ngojeni.

Kuku aliyewaangua vifaranga hao hakuwa kuku wa kununuliwa sokoni. Bibi yake na bibi wa bibi yake waliparua udongo katika ua wa marehemu mama yake Émérance, kule Masisi, na mwaka wa vita, familia iliposhuka Goma na vitu vilivyoweza kubebeka kichwani, Émérance, mke wa shujaa wetu, alishuka na kuku mmoja kifuani, ndani ya shati la baba yake. Ua ule hauna tena mtu. Kilichobaki cha kupumua kutoka kwake ni uzao wa kuku yule.

Sasa, miezi mitatu kabla ya habari hizi, kuku huyo alikuwa ameangua vifaranga tisa. Siku ya tano mmoja akaanza kuhara. Ntirenganya, kwa upendo mwingi na elimu kidogo, akapokea vidonge vya antibiotike kutoka kwa jirani yake, akavipasua viwili, akamimina vyote katika maji kwa kukadiria. Kabla wiki haijaisha wote tisa walikuwa wamekufa. Kama ni ugonjwa uliowaua au dawa, hakuna aliyejua. Émérance hakumgombeza. Aliwafukia, akaosha chombo cha maji, akakifunika, kisha kwa wiki tatu nzima akazungumza na mumewe kwa adabu kubwa sana. Aliyekaa katika ndoa anajua adabu ya namna hiyo inavyouma.

Basi Jumapili moja kuku akaangua tena, kumi na mmoja, na Jumatatu asubuhi ikaja simu kutoka Lac Vert: Umuhire, mdogo wake Émérance, amejifungua kwa kupasuliwa, hawezi kusimama, hana wa kumpikia. Émérance akafunga kitenge chake cha safari. Akasimama mbele ya banda muda mrefu, kisha akamgeukia mumewe, ambaye yeye humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Papa Niyigena," akasema, "ninaenda siku kumi. Batoto ya kuku ninakuachia weye. Sina mutu mwingine."

Ntirenganya akanyoosha mgongo, akaweka mkono kifuani, akanena: "Mama Niyigena, nenda kwa amani! Jua litanikuta mlangoni pa banda hili na jua litaniacha mlangoni pa banda hili. Adui akija kwa ardhi, atanikuta. Akija kwa anga, atanikuta."

"Usisimame mulangoni," Émérance akajibu. "Utabaziba jua. Bape tu maji safi."

Akapanda pikipiki, akaenda. Ntirenganya akabaki na maneno yale, *sina mutu mwingine*, na aliyageuza kichwani kama mtu anayegeuza saa isiyomwonyesha ilipovunjikia.

Saa ile ile akatembea mpaka Katindo, kwa Dokta Uwitonze, daktari wa mifugo, mwanamke kijana wa buti za mpira na maneno machache. Akamweleza habari za wale tisa bila kujificha. Kisha akasema: "Dokta, nipe silaha."

"Siyo silaha utapata hapa, muzee," Uwitonze akasema. Akatoa sashe ndogo ya unga mweupe. "Hii tunaiita probiotike. Ndani muko vijidudu vizuri, viko hai, vimelala. Weye uko Mukristo?"

"Niko."

"Tumbo ya kifaranga ya siku moja ni kama kanisa mbele ya misa ya kwanza. Benchi zote ziko wazi. Wale wanaingia kwanza, njo wanakaa. Ukiingiza wazuri leo, wale wabaya, wale wa kuharisha, watafika wakute nafasi imejaa."

"Na wakisukuma?"

"Watasukuma. Njo maana utawapa kila siku." Akainua kidole. "Lakini sikiliza. Siyo dawa ya kufufua. Ni ulinzi tu. Ukiacha chombo na mavi ndani, hata sashe kumi hazitakusaidia. Kijiko kidogo nusu kwa litri moja, usizidishe. Usichanganye na antibiotike, ile inaua wabaya na wazuri pamoja. Na maji ya robine, ya bomba, usiyatie moja kwa moja. Ile dawa wanatia mu maji ya kunywa itaua hivi vijidudu. Uyaache mu beseni wazi siku nzima, ile dawa itoke, njo uchanganye."

Hivyo shujaa akapewa jeshi lake, likiwa limelala katika karatasi. Akalitia katika mfuko wa shati. Hatua kumi mbele akakumbuka kwamba kifua cha mtu kina joto la kuwaamsha waliolala. Akalitoa. Akalibeba mkononi, akilikinga jua kwa kofia yake, na kwa namna hiyo akatembea kutoka Katindo hadi Murara, kichwa wazi, mkono mmoja mbele, bila kumsalimia mtu, hata watu wakadhani amepata msiba.

Alipofika akateka maji, akayamimina katika beseni la bluu, akaliweka wazi uani. Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo vita vya kwanza vilipozuka.

Maana ng'ambo ya ua wa matete aliishi Onésime, kiongozi wa kwaya ya parokia, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akisema pole pole vikombe hulia kabatini. Onésime alifuga bata wanne. Na bata hao, wakiishi katika mji wenye ziwa lisiloonekana mwisho, hawakuwahi hata siku moja kuonyeshwa maji mengi kuliko ya sufuria. Jumanne saa nne walipenya kwenye matete mmoja mmoja, wakaliona beseni. Ntirenganya alikuwa ndani akitafuta miwani yake. Alipotoka, wawili walikuwa wamekwisha kuingia, wa tatu alikuwa akipanda, na wa nne, asiye na haya kabisa, alikuwa ameacha alama yake katikati ya maji.

Alinguruma Ntirenganya. Akakamata ufagio kama mtu anayekamata mkuki wa babu zake, akaruka jiwe la kwanza, akaruka jiwe la pili, na kwenye jiwe la tatu goti likamkumbusha umri. Akaanguka kwa makalio, lakini hakuuachia ufagio.

"Enyi watu wa matope!" akawahutubia akiwa pale chini. "Beseni hili si lenu! Maji haya yameitwa kwa kazi kubwa!"

Bata wakamtazama kwa jicho la upande, wakaendelea kuoga.

Onésime akatokea juu ya ua. "Muzee, pole sana! Hawa bata wangu wanakosa ziwa."

"Ziwa liko pale chini, Onésime. Hata kiziwi analisikia."

"Ni mbali kwa miguu yao."

Basi Ntirenganya akamwaga maji, akasugua beseni kwa sabuni, akasuuza, akabeba bidoni begani mpaka robine, akasimama nyuma ya watu kumi na wanane, akarudi akichechemea juu ya mawe. Na kuanzia saa ile akafanya uamuzi wa kijeshi: akatoa kiti chake, mwavuli wake na kisanduku chake cha kazi, akaketi kando ya beseni. Wateja walioleta saa walimkuta uani, mwavuli juu, koleo mkononi, ufagio mapajani. "Fundi, unalinda nini?" wakauliza. "Maji," akajibu. Wakatazama. Kweli yalikuwa maji.

Jumatano asubuhi saa ya mashambulizi ikatimia. Alipima kijiko nusu, akakisawazisha kwa ubapa wa kisu, akakoroga pole pole, akapeleka. Kuku mama akamdonoa kidole, akapindua chombo. Akapima tena, akaleta tena, safari hii amekitia chombo jiwe katikati. Vifaranga wakakizunguka. Wa kwanza akachovya mdomo, akainua kichwa juu ili ameze, na Ntirenganya, aliyekuwa amepiga magoti, naye akainua kichwa akameza mate. Wa pili akameza, naye akameza. Kumi na mmoja walikunywa asubuhi ile, na fundi wa saa aliondoka pale na koo limekauka.

Zikapita siku za ushindi. Alhamisi, Ijumaa: chombo kikioshwa asubuhi, maji ya unga yakimwagwa saa sita yanapochakaa, matandiko ya maganda yakibadilishwa. Kila jioni alimpigia mkewe na kumhutubia. "Mama Niyigena, ngome imesimama!" Naye akajibu, "Sawa. Na weye umekula?" Alikuwa hajala.

Lakini Jumamosi alipofungua banda, vifaranga kumi walimkimbilia na mmoja hakukimbia.

Alikuwa yule mdogo kuliko wote, mwenye doa jeusi kichwani. Amesimama peke yake, mabawa yamelegea, macho yamefumba nusu. Ntirenganya akamwinua, akamgeuza. Akatia jichoni kile kioo chake cha kukuzia, ambacho kwa miaka arobaini kilikuwa kimeangalia tu vigurudumu na nywele za chuma, akakielekeza matakoni pa kifaranga. Manyoya yalikuwa yamegandamana. Akaona maji maji.

Akapiga magoti pale pale, kifaranga mkononi.

Onésime akafika kabla hajaitwa, maana alikuwa ameona kwa matete mtu mzima akiwa amepiga magoti na hasogei. Mkononi alikuwa na vidonge, nusu vyekundu nusu vya njano. Akasimama, akavuta pumzi ya mwimbaji, akanena:

"Muzee Ntirenganya! Mimi njo nilikupa vile vidonge vya kwanza. Tangu batoto wale tisa walikufa, kila nikipita hapa ninaona aibu kumutazama Mama Niyigena mu macho. Niache leo nitengeneze. Hivi ni vya nguvu kuliko vile. Ugonjwa umeingia, tuupige wote pamoja, mbele haujapata miguu!"

Wala hakuwa akisema uongo. Machozi yalikuwa karibu. Na Ntirenganya akapokea kidonge. Akakipasua. Unga wa njano ukakaa kiganjani mwake, juu tu ya chombo cha maji ambacho wale kumi wazima walikuwa wamekizunguka wakimngojea. Moyo wake ulikuwa ukimwambia: fanya kitu, mwanamume, fanya kitu.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Aa, mwaga tu."

Hapo jambo fulani ndani ya Ntirenganya likasimama. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuweka tone moja la mafuta, lisiloonekana kwa macho, mahali pamoja tu. Vijana wangapi walikuwa wamemletea saa za baba zao zilizokufa kwa sababu mtu alisema *mwaga tu*!

"Onésime," akasema kwa sauti ndogo, "hata kwa saa ya mchezo hatusemi hivyo." Akaufunga unga katika karatasi, akamrudishia. Kisha akanawa mikono, akampigia Uwitonze.

"Ni mumoja?" Uwitonze akauliza.

"Mumoja."

"Damu iko?"

"Hapana. Maji tu."

"Wale kumi wanakula?"

"Wananikula mimi vidole."

"Basi usimwage kitu leo. Huyo umutenge, umuweke mu karto, sanduku ya karatasi, pa moto kidogo, umusafishe na maji ya uvuguvugu. Umupe ile maji ya probiotike na sirinji bila sindano, tone kwa tone, kila nusu saa. Wale kumi uendelee kuwapa kawaida. Ukiona damu, ama wengine wawili wanahara, uniletee hata kesho Jumapili, nitaangalia ni dawa gani na nitaipima mimi mwenyewe. Umesikia, muzee? Nitaipima."

"Nimesikia," akasema Ntirenganya, na neno hilo la kupima likampoza kidogo.

Onésime alikuwa bado amesimama na karatasi yake, mkubwa na mnyonge. "Na mimi nifanye nini?"

"Shika kifaranga."

Hivyo siku nzima ya Jumamosi, mtu mwenye sauti nzito kuliko wote parokiani aliketi juu ya bidoni, viganja vyake vimefanya kiota, na ndani yake kimeketi kitu chenye uzito wa limau. Kila nusu saa, saa zake tatu zilizopangwa juu ya kiti zikikubaliana kwa sekunde, Ntirenganya alisogeza sirinji, akadondosha tone kando ya mdomo, akangoja mgonjwa ameze, akadondosha la pili. Mazoezi ya kwaya yaliahirishwa. Wanakwaya wawili walikuja kuuliza sababu. Kiongozi wao aliwaonyesha kwa kidevu, asithubutu kusema, maana sauti yake ilikuwa ikimtetemesha mgonjwa.

Saa kumi Émérance akapiga simu mwenyewe.

"Batoto iko namna gani?"

Ngome imesimama, ndilo neno lililokuja mdomoni. Hakulisema. Hotuba zote zilikuwa zimemkimbia.

"Mumoja anahara," akasema.

Mbali, ndani ya simu, mtoto mchanga wa Umuhire alikuwa akilia.

"Ule mudogo?"

"Ule mudogo."

"Umemupa vidonge ya Onésime?"

"Hapana. Nilikipasua kimoja. Sikukitia."

"Ninaweza kukamata pikipiki. Nitafika mbele ya giza."

"Umuhire anasimama?"

"Bado."

Ntirenganya akatazama karto, akatazama wale kumi. Alitaka sana aje. "Basi bakia naye," akasema. "Mimi niko hapa."

"Ninabakia," Émérance akasema, na simu ikakatika bila kwaheri.

Ikapambazuka Jumapili. Andikeni tarehe, enyi wenye kalamu! Jua lilikuwa limegusa ncha za matete, kengele ya kwanza imelia, na Ntirenganya amelala kifudifudi juu ya jiwe jeusi, kioo jichoni, pua yake mbali na karto kwa upana wa kiganja. Kifaranga mwenye doa jeusi alikuwa amesimama. Alidonoa punje, akaiacha; akadonoa nyingine, akaimeza. Kisha akapiga hatua mbili za nyuma, akainama kidogo, akawaza.

Onésime alifika wakati huo huo akiwa amevaa joho lake jeupe la kwaya. Alitaka kusalimia, mkono wa Ntirenganya ukapanda kumnyamazisha. Wanaume wawili wakashika pumzi.

Na likatokea. Dogo kama punje ya maharagwe. La kahawia. Limesimama bila kutambaa upande wowote, na juu yake lina kofia nyeupe safi.

"Gumu?" akanong'ona Onésime.

Ntirenganya akaliangalia kutoka kaskazini, akaliangalia kutoka kusini. Akatoa kioo jichoni. "Gumu," akasema.

Hapo Onésime akafungua koo lake lililofungwa tangu jana, na Aleluya iliyotoka ikawarusha bata wanne juu ya ua na kuwasimamisha watu waliokuwa wakielekea misani. Wakaja kwenye matete, bibi mmoja mwenye rozari mbele yao. "Mumepata nini?" akauliza.

"Mavi!" akanguruma Onésime, joho likipepea.

"Mavi gani, mubarikiwa?"

"Magumu, mama! Yenye kofia!"

Bibi akatazama ndani ya karto. Naye alikuwa amefuga kuku maisha yake yote. Akainamisha kichwa kwa heshima. "Kweli," akasema. "Hayo ni mazuri." Na wengine waliokuwa nyuma wakaomba nafasi nao waone.

Hakuna mwingine aliyehara. Jumatatu mdogo alirudishwa kwa wenzake, na jambo la kwanza alilofanya ni kumkanyaga ndugu yake kichwani ili afike kwenye maji.

Jumatano saa tisa Émérance akashuka kwenye pikipiki. Hakuingia nyumbani. Mzigo ukiwa bado mgongoni alikwenda moja kwa moja bandani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Akamkamata mdogo, akamgeuza, akamkagua nyuma kama afisa wa mpakani anayekagua mfuko, kisha akamweka chini.

Ntirenganya alikuwa ameandaa hotuba kwa siku tatu. Ilikuwa na sehemu ya beseni, sehemu ya bata, na sehemu ndefu ya sirinji. Akaweka mkono kifuani. "Mama Niyigena! Siku ile uliponiachia—"

"Nyamaza kwanza," akasema Émérance.

Akaketi kwenye kiti cha mumewe, chini ya mwavuli. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, na akajifuta muda mrefu kuliko vumbi la Lac Vert linavyohitaji. Vifaranga walikuwa wakinywa.

"Kumi na mmoja," akasema.

"Kumi na mmoja."

"Ile unga imebakia?"

"Ya siku nne."

Émérance akavua viatu, akanyoosha miguu. "Basi kesho asubuhi uwape weye," akasema. "Mimi nitalala mpaka jua ipande. Nimechoka, mutu wangu."

*Mutu wangu!* Miezi mitatu hakuwa amemwita hivyo.

Basi na lijulikane kwa wote wa Murara, na kwa watakaozaliwa Murara, kwamba Alhamisi iliyofuata, saa kumi na mbili na dakika arobaini kwa saa tatu zinazokubaliana, Ntirenganya fundi wa saa alipima kijiko nusu kwa litri moja, akakisawazisha kwa kisu, akawapelekea vifaranga kumi na mmoja, akitembea kwa ncha za vidole, kwa sababu ndani ya nyumba ya mlango wa kijani mke wake alikuwa amelala, na alikuwa akikoroma.